Shule ya Likizo Isiyotoa Cheti

Dotto mwanangu,

Hali yako siiulizi kwa sababu naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko uani na mama yako mnafunga mizigo. Akisema neno mnacheka wote wawili, nami nikikohoa mnanyamaza. Kwa hiyo naandika. Mama yako atakupa karatasi hizi kesho mkiwa barabarani, si hapa nyumbani, maana nikikupa kwa mkono wangu najua utazitia kwenye moto wa uji.

Ya safari amekwisha kukuambia yeye: maji ya kunywa, dawa ya homa, watu wa kuamini na watu wa kuwaepuka huko Nyarugusu. Mama yako mdogo Agnesi amewapikia wachimbaji wa dhahabu miaka mingi, naye atakuonyesha mengine. Mimi sijawahi kuishi machimboni, sina la kuongeza. Ninachokijua ni nyumba hii na niliyoyatenda ndani yake.

Nianze na mkono wako. Tulipowapeleka wewe na dada yako Kulwa shule, miaka ile nafasi zilikuwa chache. Mwalimu alisimama mlangoni akamwambia kila mtoto apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Anayegusa amefikia umri. Kulwa aligusa. Wewe ulikuwa umetoka kuugua surua, umekonda kama bua la mtama. Ulivuta vidole mpaka machozi yakakutoka, na sikio hukulifikia. Mwalimu akacheka. "Mapacha gani hawa, mmoja mkubwa mmoja mdogo? Huyu mlete mwakani."

Umekuwa ukisema mwalimu ndiye aliyekunyima shule. Nimekusikia ukiwaambia wenzako kisimani, nami nimekuacha useme. Si kweli. Mwalimu alisema mwakani. Mwakani ulipofika, mkono wako uligusa sikio na kupita. Niliujaribu mwenyewe uani. Lakini mama yako alikuwa amejifungua mdogo wenu, ng'ombe walikuwa wameongezeka, na wewe ulikuwa unachota maji, unafagia, unambeba mtoto mgongoni, yote bila kutumwa. Nikaona nikikupeleka shule nyumba itapwaya. Nikanyamaza. Mwaka ukapita, na mwingine ukapita. Hakuna mtu aliyenizuia. Ukitaka wa kumlaumu, usihangaike kutafuta mbali.

Lakini kila asubuhi Kulwa alipotoka na daftari lake nawe ukabaki na ufagio, dhamiri ilinichoma. Ndipo nikabuni ile shule ya likizo. Kulwa akifunga shule, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, akufundishe yote aliyoyaleta. Na wewe umfundishe kazi za mikono alizozikosa, asije akawa mgeni wa jembe kwao mwenyewe. Mama yako aliniuliza kwa nini nisikupeleke shule mambo yakaisha. Nikamjibu, "Mmoja anasoma, wawili wanapata. Hiyo ndiyo akili." Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Na sitakudanganya, Dotto: ilikuwa shule nzuri. Ingekuwa mbaya ningelala usingizi.

Unakumbuka ubao? Nilibandua mlango wa banda la kuku, tukausugua kwa masizi na majani ya viazi mpaka ukawa mweusi, na chaki ikawa kipande cha muhogo mkavu. Mwezi wa sita, mama yenu akikata viazi vya michembe, Kulwa alikufundisha nusu na robo kwa kisu, halafu vile vipande vya hesabu vikaanikwa kwenye mwamba pamoja na vingine, tukavila kiangazi chote. Tukichambua pamba, hii safi, hii fifi yenye madoa, mlijumlisha mafungu na kuyatoa, mkitumia mbegu. Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikishashika, tulipima shamba kwa kamba yenye mafundo, mkaniambia ukubwa wake. Nililima pale tangu ujana wangu, na sikuwa nikiujua. Wewe ukamwonyesha Kulwa kushika plau nyuma ya maksai. Akaburutwa, akaanguka kwenye tope, ukacheka mpaka ukakaa chini, na maksai wakaenda peke yao hadi kwa jirani.

Mwaka mmoja mlifinyanga ramani ya nchi kwa udongo wa vyungu wa mama yenu. Ziwa Victoria lilikuwa kigae tulichokijaza maji, reli ya kwenda Mwanza ilikuwa uzi, na Shinyanga ilikuwa mbegu ya pamba. Kuku wakainywa Victoria yote. Mlikasirika siku nzima.

Nami nilijifunza. Mimi niliyeishia darasa la pili kwa mapadri wa Ushirombo, kugawanya kwa njia ndefu nilikupata kwako, si kwa padri. Maana baada ya likizo chache mambo yaligeuka, Kulwa ndiye aliyekuwa akikuuliza wewe. Alikuja na hesabu iliyomshinda darasani. Ulikuwa unatwanga. Uliitazama, ukaegemeza mchi, ukainama ukaandika kwenye vumbi kwa kidole. "Hapa umesahau kushusha sifuri," ukamwambia, ukaendelea kutwanga.

Niliona. Baba gani haoni? Niliona nikafurahi, na furaha hiyo ndiyo siisamehe.

Krismasi ndiyo iliyonilevya. Baada ya misa majirani walikuja hapa kunywa, nami nikakuita utoke jikoni. Ulikuja na mwiko mkononi. Nikakupa kipande cha gazeti, ukasoma mbele ya watu wazima bila kukwama. Wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza, "Huyu ndiye asiyesoma?" Nikajibu kwa sauti, "Ndiye! Na yule anayesoma anajua kulima!" Wakanisifu, wakasema laiti kila baba angekuwa na akili kama zangu. Mwaka uliofuata hawakungoja niwaite. "Leo Dotto hasomi?" Ukatoka, ukasoma, ukarudi jikoni. Na mwaka wa tatu hukurudi. Ulisimama mbele yetu na gazeti lako, makofi yakaisha, ukaendelea kusimama, kana kwamba baada ya makofi kuna jambo lingine litafuata. Nikakuambia, "Haya, nenda, nyama itaungua."

Wanaume wa machimboni mama yako amekwisha kukuonya. Mimi nakuonya juu ya mtu anayekupigia makofi na kukurudisha jikoni. Huyo anaweza kuwa mwema kabisa. Anaweza kuwa anakupenda.

Sasa nafika pale tusipopataja katika nyumba hii.

Asubuhi ya mtihani wa darasa la saba Kulwa aliamka na homa, anatetemeka, hajui alipo. Mama yako alikuwa anamkanda kwa maji. Nilisimama mlangoni, nikamtazama yeye, nikakutazama wewe. Kwa sura hakukuwa na tofauti tena. Ule wembamba wa surua ulikuwa umekwisha zamani.

"Dotto, oga," nikasema. "Vaa nguo za shule za Kulwa."

Mama yako akageuka. "Baba Kulwa, unataka kufanya nini?"

"Mtoto wangu hawezi kupoteza miaka yote ile kwa homa ya siku moja."

"Na huyu? Huyu si mtoto wako?"

Wewe ulikuwa umekwisha kuingia bafuni.

Njiani ulitangulia, nusura ukimbie. Ile sketi ilikukaa kama uliyeshonewa. Tulipokaribia shule ukapunguza mwendo ukanisubiri, ukauliza bila kunitazama, "Baba, nikifaulu, nitakwenda mimi?"

Nikakuambia, "Tutaona."

Tutaona ni neno la mtu aliyekwisha kuona. Nilijua jibu kabla hujauliza. Ningeweza kukwambia hapana, ukachagua mwenyewe kuingia au kurudi. Nilijua ukisikia hapana hutaandika kwa moyo, nami nilitaka uandike kwa moyo. Hiyo ndiyo sababu. Nimeizunguka miaka yote hii, leo naiandika kama ilivyokuwa.

Msimamizi alitoka shule nyingine, hakuwajua. Aliita jina la Kulwa, ukaitika. Mwalimu wa Kulwa alikuangalia kitambo, akainamisha kichwa, akaendelea kugawa karatasi. Nilikaa nje chini ya ukuta. Ulipotoka ulikuwa unang'aa. Ulinieleza maswali yote tukirudi, moja baada ya jingine, na yale ya sehemu ulisema uliyafanya kwa kuwaza viazi.

Majina yaliporudi, la Kulwa lilikuwemo. Wasichana waliochaguliwa pale shuleni hawakujaza kiganja. Jioni ile Kulwa alisimama mbele yangu, mikono nyuma, kama anayetoa shairi.

"Baba, aende Dotto. Mimi sikufanya mtihani."

Nikampiga kofi. Sikuwahi kumpiga kabla ya hapo wala baada yake. Nilimpiga kwa kusema kweli.

Wewe ulikuwa unasonga ugali. Hukugeuka. Ulisonga na kusonga mpaka mama yako akakushika mkono, akasema, "Ng'wanone, mwanangu, ugali umeiva, acha."

Nilijipa sababu nyingi. Kulwa ndiye wa kwanza. Kulwa amezoea madawati. Tukibadilisha watoto tutakamatwa. Hii ya mwisho ndiyo uongo mkubwa kuliko zote, maana hakukuwa na kitu cha kubadilisha: ungekwenda ukaitwa Kulwa, kama ulivyoitwa siku ile, na hakuna ambaye angejua. Ukweli ni mdogo na una aibu. Wewe ndiye uliyejua kazi. Shule yangu ya likizo ilikuwa imekufundisha hesabu, lakini Kulwa haikumfundisha kulima sawasawa. Nilihitaji mikono yako, nikampeleka yule niliyeweza kumkosa.

Kulwa alikwenda analia. Ulimbebea sanduku hadi barabarani.

Mwezi wa kumi na mbili aliporudi na vitabu vya sekondari, nilifanya upumbavu ambao hata sasa ukinijia nafumba macho. Nilitoa ubao. Nikaufuta vumbi, nikauegemeza ukutani, nikatafuta muhogo mkavu, nikawaita kama zamani. Kulwa alikuja akasimama kando yake. Wewe ulipita na jembe begani.

"Dotto, njoo, mwenzio amerudi na mambo mapya."

"Mimi nimeshamaliza darasa la saba, Baba," ukasema. "Tena nimefaulu."

Ukaenda shambani. Kulwa akabaki na kile kipande cha muhogo mkononi, hajui akiweke wapi. Siku ya pili mvua ilinyesha ubao ukiwa nje, na hakuna aliyeuingiza ndani. Likizo ya mwezi wa sita Kulwa aliandika kwamba anabaki kwa rafiki yake. Iliyofuata alikuja siku mbili. Sasa ana kazi ofisini Shinyanga mjini, na kila Krismasi hututumia vitambaa, kizuri kuliko vyote kikiwa na jina lako, nawe unampa mama yako. Usidhani anajivuna. Mwaka ule nilipomfuata mjini nikamwuliza kwa nini haji, alinijibu, "Nikija nitakaa wapi, Baba? Nikikaa jikoni nimemwigiza, nikikaa sebuleni nimemwibia." Sikukuambia wakati ule. Nilidhani maneno yake yatakuumiza. Pengine niliogopa yatawapatanisha, mkabaki mnanitazama mimi.

Nilikuwa na mabinti wawili waliokuwa wakila viazi vya hesabu kutoka sahani moja. Nikawafanya mmoja awe deni la mwingine. Mkitaka kupatana, pataneni wenyewe. Mimi msiniweke katikati, nitaharibu.

Miaka ile ile serikali ikasema watoto wote waende shule, walimu wakapungua, wakatafutwa vijana waliomaliza darasa la saba ili wafunzwe wawe walimu. Ulitembea kwa miguu hadi ofisini kwenda kuandikisha jina. Sikujua umekwenda, nilidhani uko kwenye pamba. Ulirudi jua likiwa limeinama, ukachukua mtama ukaanza kusaga, na mlio wa jiwe ulikuwa si wa kawaida. Ulipomaliza ukaja ukasimama mbele yangu.

"Baba, mimi nilisoma wapi?"

Nikasema, "Nyumbani."

Ukacheka. Sijasikia kicheko kama kile. "Nyumbani hawatoi cheti," ukasema. "Wameniuliza cheti. Nimewaambia naweza kufanya hesabu yoyote watakayonipa, hapo hapo, wanijaribu. Yule karani akasema, 'Dada, hapa hatujaribu watu, hapa tunapokea vyeti.'"

Tangu siku hiyo umekuwa ukiniambia yanayohusu ng'ombe na mvua tu. Mtoto wa jirani aliyekuwa akija kwako umsaidie kugawanya alichukuliwa, na leo ni mwalimu. Anakusalimia kwa heshima nyingi, nawe unaitika, nami nasikia.

Nikuambie lingine, na hili hata mama yako halijui. Juma lililopita, ulipotangaza kwamba unakwenda kwa Agnesi, niliaga nakwenda mnadani. Sikwenda mnadani. Nilikwenda wilayani, kwenye ofisi ya elimu, nikiwa nimevaa shati la misa. Nilimweleza bwana mmoja pale kila kitu: homa, sketi, jina. Alinisikiliza akiwa ameweka kalamu chini. Nilipomaliza akainuka akafunga mlango.

"Mzee," akasema, "huyo wa kwanza ana kazi sasa?"

"Anayo."

"Nikiyaandika haya, huyo anaipoteza. Huyu wa pili hapati kitu, maana alidanganya jina kwenye mtihani. Na wewe unalala ndani. Unataka niyaandike?"

Nilikuwa nimetoka nyumbani nimeapa kwamba mara hii sitarudi nyuma. Nilikaa pale, nikautazama mlango alioufunga. Nikamwambia, "Hapana, bwana. Usiandike."

Akafungua mlango.

Nilirudi kwa miguu, na njia nzima nilitafuta namna ya kusema kwamba sikuwa na la kufanya. Labda ni kweli sikuwa nalo. Lakini ukweli mwingine ni kwamba kwa mara ya pili waliwekwa mbele yangu binti zangu wawili, na kwa mara ya pili nikakuacha wewe. Mara ya kwanza nilikuwa bado na nguvu na tamaa ya kusifiwa. Mara hii mimi ni mzee anayejua anachokifanya, na nimefanya kile kile. Kwa hiyo usimwamini mtu anayesema umri hufundisha. Umri humwonyesha mtu alivyo, basi.

Huko uendako utaona watu wakiingia duarani, lile shimo la dhahabu, asubuhi na wengine wasitoke. Utawapikia. Mama yako analia kwamba akili kama hiyo inakwenda kukoroga maharage machimboni. Sikulia mbele yake, sina haki. Siku uliyomwambia kwamba unakwenda mahali ambapo mtu haulizwi cheti, nilikuwa nyuma ya ukuta, nikasikia.

Ukipata watoto, kaa nao likizo. Kata viazi nao, pimeni shamba, fanyeni ramani hata kuku wakiinywa. Mambo yale hayakuwa na kosa lolote, na sitaki uyachukie kwa sababu yangu. Kosa ni kwamba nilitoa likizo mahali palipotakiwa shule, na nikataka nishukuriwe. Wapeleke wote. Akishindwa kugusa sikio, mrudishe mwakani. Ukiona unatafuta sababu ya kutomrudisha, ujue umefanana nami, na uogope.

Kuna jambo moja naweza kukupa, ingawa limechelewa. Siku yoyote ukiamua kwenda mwenyewe kusema uliyoyafanya siku ile ya mtihani, kwa mumeo ukiolewa, kwa ofisi yoyote, useme. Wakija kuniuliza sitakana. Sitasema nimesahau, sitasema uzee. Shauri la Kulwa mlipime ninyi wawili. Mimi nimepoteza haki ya kuwapimia.

Msamaha siombi. Nikiuomba leo, usiku wa kuamkia safari, nitakuwa nakupa kazi nyingine ya kunifanyia kabla hujaondoka, na umenifanyia za kutosha.

Mama yako ameniambia unataka akusindikize yeye peke yake barabarani kusubiri lori. Ni sawa. Nitakuwa nimekaa mlangoni, mahali ninapokaa kila asubuhi. Nisipokuwepo watu watauliza. Kama huna shikamoo ya kunipa, pita. Sitakuita.

Baba yako